Mkijadili katikati ya jiji, ulizeni choo kiko wapi

MSOMAJI, panda matatu yoyote ya kuelekea mjini asubuhi na utausikia mjadala ule ule. Mmoja asema matatu ziondolewe katikati ya Nairobi ili njia zipitike. Mwingine ajibu kwamba zikiondolewa, maduka ya River Road yatafungwa kwa kukosa wateja. Wa tatu awalaumu wachuuzi kwa kuziba njia za miguu, na wa nne, ambaye bila shaka ana ndugu mchuuzi, amwambia anyamaze.

Ni mjadala mwema. Jiji ni la wakazi wake, na wana haki ya kubishana kuhusu ghorofa ngapi zijengwe, kituo gani kifungwe na bustani ipi iachwe wazi.

Lakini kuna swali moja ambalo halisikiki upande wowote. Mtu anayeshinda katikati ya jiji tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, atajisaidia wapi? Na atakunywa maji gani?

Huenda ukaona haya kulizungumza jambo hili juu ya chai ya asubuhi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi ni daktari wa kawaida, si mpangaji wa miji wala mwanasiasa. Kazi yangu ni kuwatibu watu wanaoshinda mjini, na naona kwamba mipango ya jiji huishia ndani ya miili yao.

Wakazi wa mchana

Kwanza tuelewane kuhusu nani ni mkazi wa katikati ya jiji. Ukihesabu wanaolala huko, utapata watu wachache sana. Wengi wetu twalala Kayole, Kawangware, Githurai, Rongai na Kitengela.

Hata hivyo, mchana jiji hujaa. Kuna mama anayeuza mitumba karibu na Muthurwa, kondakta wa Accra Road, mlinzi wa benki, fundi wa simu, mwanafunzi wa chuo, kijana wa mkokoteni, na mgonjwa aliyetoka Machakos kwenda Hospitali ya Kenyatta ambaye amelazimika kubadilisha gari mjini. Hao ndio wakazi wa mchana. Wanalala kwingine lakini wanaishi hapa.

Tatizo ni kwamba katika siasa hawana mwenyewe. Nairobi ina wadi 85, na katikati ya jiji huwakilishwa na mwakilishi wa wadi ya Nairobi Central katika eneo bunge la Starehe. Mchuuzi anayelala Kayole humpigia kura mwakilishi wa kwao, naye mwakilishi huyo huulizwa kuhusu barabara na maji ya Kayole. Hakuna anayemuuliza kuhusu choo cha mtaa wa Ronald Ngala, ingawa nusu ya wapiga kura wake huenda wakapita hapo kila siku. Mali ya wote huwa haina mlinzi.

Mwili unapobanwa

Sasa tuje kwenye afya. Mkojo ni njia ya mwili ya kutoa uchafu uliochujwa na figo. Mtu mzima hupaswa kwenda haja ndogo mara kadhaa kwa siku. Kila akienda, mkojo husafisha njia yake na kuondoa viini vilivyokuwa vikijaribu kupanda hadi kwenye kibofu.

Mtu anapobana mkojo kwa saa nyingi, siku baada ya siku, viini hivyo hupata nafasi ya kuzaana. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi kuliko ya wanaume. Kinachoanza kama kuwashwa na maumivu ya kukojoa chaweza kupanda hadi kwenye figo, na hapo mgonjwa huja na homa kali, kutetemeka na maumivu ya mgongo.

Katika kliniki yangu nakutana na wanawake wanaofanya kazi mjini ambao wametibiwa ugonjwa huo mara tatu au nne kwa mwaka. Ukimuuliza mmoja wao hunywa maji kiasi gani, atakujibu bila kusita: "Daktari, kazini sinywi. Nikinywa nitaenda wapi?"

Jibu hilo lina maana kubwa. Mtu huyo hakosi elimu ya afya. Anajua maji ni mazuri, na ameamua kutokunywa kwa sababu jiji halikumpa mahali pa kuyatoa. Ukimpa dawa na kumrudisha mahali pale pale, umeziba ufa bila kujenga ukuta.

Kutokunywa maji pia hufanya mkojo kuwa mzito, na mkojo mzito ni mojawapo ya sababu za mawe katika figo. Aliyewahi kupitisha jiwe la figo hahitaji kusimuliwa uchungu wake. Madereva na makondakta wanaoshinda juani ndani ya gari wamo katika hatari hiyo.

Wako wengine ambao hawawezi kubana hata wakitaka. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda hukojoa mara kwa mara. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba huenda kila baada ya muda mfupi, na akichelewa hujiaibisha. Mama mjamzito hubanwa na uzito wa mtoto juu ya kibofu. Huyo wa mwisho si wa kufanyiwa mzaha, kwani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyotibiwa wakati wa mimba yaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Kuna na hili ambalo wapangaji wa jiji hawalioni kabisa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya kazi kwa kuondoa maji ya ziada mwilini kupitia mkojo. Wagonjwa wengi huniambia kwamba siku ya kwenda mjini hawaimezi dawa hiyo, wakihofia kubanwa njiani. Mfanyabiashara anayekuja mjini siku tano kwa wiki huruka dawa siku tano. Kisha twashangaa kusikia mtu ameanguka kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 50, na dawa zake ziko kabatini.

Usiwasahau wasichana na wanawake walio katika hedhi. Kubadilisha sodo kwahitaji mlango unaofungika, maji, na mahali pa kutupa iliyotumika. Anayekosa hayo hukaa na sodo moja kutwa nzima, au hubaki nyumbani akapoteza kipato cha siku.

Hasara ya wote

Labda wewe una ofisi yenye choo kisafi na ufunguo wake. Waweza kusema haya hayakuhusu. La hasha.

Kijana asiye na choo hujisaidia kichochoroni. Mvua ikinyesha, uchafu ule hutiririka barabarani, hukanyagwa na viatu, na viatu vyaingia ofisini kwako na nyumbani kwako. Mpishi wa kibanda asiye na maji ya kunawa baada ya haja ndiye atakayekupakulia chakula cha mchana. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri hivyo, kutoka kinyesi hadi mkono, kutoka mkono hadi sahani. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokuwa wamehudhuria mikutano katika hoteli kubwa za Nairobi. Kiini cha kipindupindu hakiulizi mtu ana cheo gani.

Wako wanaosema dawa yake ni askari wa kaunti kuwakamata wanaokojoa hadharani. Sheria hiyo ipo na ni sawa kuwepo. Lakini kumkamata mtu kwa kufanya jambo ambalo mwili wake haukuweza kuahirisha, mahali ambapo hakuna choo kwa mwendo wa robo saa, ni kumwadhibu kwa kuwa na kibofu.

Tulikotoka

Jiji letu lina historia ndefu ya kutatua mambo ya afya kwa amri. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye ardhi tambarare yenye majimaji. Tauni ilipozuka katika mtaa wa maduka wa Wahindi mwaka 1902, serikali ya kikoloni iliuteketeza mtaa huo kwa moto. Tauni ilirudi tena miaka ya baadaye, kwa kuwa mitaro mibovu na msongamano havikuwa vimeondolewa.

Mwaka 1913 alikuja Profesa William Simpson, mtaalamu wa afya ya umma kutoka Uingereza, akapendekeza kwamba miji ya Afrika Mashariki itenge watu kwa rangi zao, kwa jina la usafi. Wakazi wengi hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba fulani waondolewe mjini "kwa sababu za afya", muulize kwanza afya ya nani, na ni nani aliyeulizwa.

Lakini historia hiyo hiyo yaonyesha kwamba sauti ya mkazi yaweza kusikika. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliupinga hadharani huku akitukanwa na wakubwa wa wakati ule. Hatimaye mpango ukaachwa. Leo mtu aliyechoka akijinyoosha chini ya mti katika bustani ile, apumzika kwa sababu kuna raia aliyeuliza swali ambalo wengine waliogopa kuliuliza.

Kinyume chake ni kilichotokea Desemba 3, 2018, matatu zilipopigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Maelfu ya watu walitembea kutoka pembezoni hadi kazini, wakiwemo wajawazito, wazee, wagonjwa na watu wanaotumia magongo. Marufuku hiyo iliondolewa upesi. Si lazima uwe mtetezi wa matatu ili uone kosa lilikuwa wapi. Magari yalikuwa yamefikiriwa, miguu haikufikiriwa.

Ghorofa juu, bomba chini

Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai ya kueleza mahali pa maji baridi. Leo waweza kutembea kutoka Kenyatta Avenue hadi Kirinyaga Road bila kukuta bomba hata moja la umma la kunywea maji. Utapata maji ya chupa, ikiwa una pesa.

Sensa ya 1989 ilihesabu watu milioni 1.3 katika Nairobi. Ile ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo tegemeo kubwa la jiji, lilikamilika mwaka 1994. Hapo katikati nyumba za zamani za ghorofa mbili na tatu zimebomolewa, na mahali pake pakainuka majumba marefu yenye mamia ya vijiduka.

Sina ugomvi na ghorofa. Mji unaokua hukua kwenda juu. Ila kila ghorofa inayoongezwa ina watu, na kila mtu ana figo mbili. Mkojo wao lazima ushuke kwenye mabomba ya majitaka, na mengi ya mabomba yaliyo chini ya barabara zetu yaliwekwa kabla ya majumba haya kuwazwa. Yakizidiwa, majitaka huibuka barabarani, mbele ya mama anayeuza ndizi.

Isitoshe, ndani ya baadhi ya majumba hayo vyoo huwa vichache, navyo hufungwa kwa kufuli na ufunguo ukawa kwa mlinzi. Mteja aweza kutumia shilingi 5,000 katika jumba zima na bado akaambiwa choo si cha wateja.

Je, pesa zitatoka wapi?

Hapa najua utanipinga, nawe una haki. Utasema kaunti haina pesa. Utasema choo cha umma kikiachwa bure huharibiwa, mabomba huibwa, na jioni hugeuka maficho ya wezi. Utanikumbusha jinsi vyoo vya mjini vilivyokuwa miaka ya 1990, ambapo mtu alipita akiziba pua. Utasema afadhali mtu alipe kidogo na choo kiwe kisafi.

Nakubali kwamba vyoo vya kulipia vilileta nafuu. Lakini tupige hesabu pamoja. Mchuuzi akienda mara nne kwa siku kwa shilingi 10, ni shilingi 40. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,040 kwa mwezi. Akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, zidisha. Kwa aliye na mshahara mzuri hiyo si kitu. Kwa anayeuza njugu ni chakula cha siku kadhaa, ndiyo sababu huchagua kubana.

Si lazima kila choo kiwe bure kwa kila mtu. Yawezekana kuwapa kadi ya mwezi ya bei nafuu wachuuzi na wahudumu wa matatu, na kuwaruhusu bure watoto, wajawazito, wazee na walemavu. Yawezekana vilevile kudai kwamba kila jumba jipya la biashara liwe na choo cha umma na bomba la maji ya kunywa katika ghorofa ya chini kabla ya ramani yake kuidhinishwa. Mwenye jumba apata faida kutokana na watu wanaopita mlangoni pake, basi na awape nafasi ya meta chache.

Kuhusu pesa, katikati ya jiji ndiko kaunti hukusanya ada nyingi za kuegesha magari na leseni za biashara. Si dhambi kuomba sehemu ndogo irudi kuwahudumia wanaozileta.

Na viwanja? Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kwa hiyo mtu akikuambia mjini hamna nafasi, kumbuka kwamba nafasi hupotea pale ambapo hakuna anayeuliza.

La kufanya

Usiishie kulalamika ndani ya matatu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatoa haki ya viwango vinavyofaa vya usafi, na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ratiba ya Nne ya Katiba hiyo yaweka huduma za afya za kaunti, maji na usafi, uondoaji taka, na mipango ya maendeleo mikononi mwa kaunti. Nacho kifungu cha 196 chalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi.

Kuna tarehe za kukumbuka. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukitaka choo kijengwe, sema kabla ya tarehe hizo. Baada ya Julai 1 mwaka mpya wa fedha umeanza, na pesa zimekwisha kupangwa.

Ukienda kwenye kikao, au ukiandika barua, uliza maswali haya matano. Mradi huu una vyoo vingapi vya umma, na vingapi ni vya wanawake? Mtu wa kiti cha magurudumu ataingiaje? Maji ya kunywa na ya kunawa yatatoka wapi siku za mgao? Majitaka yataelekea bomba gani, na bomba hilo laweza kuyabeba? Nani atalipwa kusafisha, na kwa fungu gani la bajeti? Akijibu matano hayo, mpango wake una mwili. Akishindwa, ni picha tu.

Mwambie na mwakilishi wa wadi yako, popote unapolala, kwamba wewe pia ni mkazi wa mjini mchana.

Wakati ukisubiri

Jiji halitabadilika kesho, na kibofu chako hakitasubiri. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima badala ya kujinyima hadi jioni. Jua vyoo vilivyo karibu na njia yako, na uende kabla ya kubanwa kabisa. Ukihisi maumivu ya kukojoa, homa au maumivu ya ubavuni, nenda upimwe. Usinunue vidonge viwili vya antibiotiki dukani, kwani nusu ya dozi huwapa viini nguvu. Ukiona damu katika mkojo, usingoje hata siku moja.

Ikiwa watumia dawa ya presha inayokukojosha, usiiache. Mwambie daktari wako saa unazokuwa safarini, naye atakupangia saa nyingine ya kuimeza au kukubadilishia. Hatutakucheka. Swali hilo ni la maana kuliko mengi tunayoulizwa.

Basi endeleeni kubishana kuhusu matatu, wachuuzi na maghorofa. Lakini atakayesimama mbele yako na ramani nzuri ya rangi, akikuonyesha Nairobi ya kesho iliyojaa vioo na taa, mwache amalize. Kisha mwombe akuwekee kidole pale palipo na choo.